Raundi Ambazo Hatukuonyeshwa

Nilijifunza ukocha wa ndondi kwenye banda la video. Lilikuwa banda la mabati karibu na soko la Kasese, lenye mabenchi ya mbao na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la vyuma. Mwenye banda aliwajua wateja wake. Watu walitoka shambani wamechoka, nao hawakutaka kutazama wanaume wawili wakizungukana raundi tisa ndipo mmoja aanguke. Kwa hiyo alikuwa akituletea mikanda iliyokatwa. Pigano zima lilibaki dakika mbili: bondia anaingia, mwenzake anaanguka, refa anahesabu, kisha pigano jingine. Mtafsiri alikaa pembeni na maikrofoni, akipiga kelele juu ya sauti ya mkanda.

"Anaenda! Anaenda! Huyu mama yake alimnyima woga!"

Nasi tulishangilia. Mimi nilikuwa nimesoma sekondari hadi kidato cha nne, nilijua vizuri kwamba mkanda uliokatwa umekatwa. Lakini kujua jambo na kulifikiri ni vitu viwili. Niliwatazama wale mashujaa wa kushambulia kwa miaka mingi, na kila nilipowatazama walikuwa wanaingia tu na kupiga. Nikahitimisha kwamba hawakuwa na kinga. Nikahitimisha pia kwamba hawakuihitaji.

Klabu yangu ilikuwa ndani ya ghala la zamani la pamba. Gunia letu la mazoezi tulilijaza mchanga na mbegu za pamba. Nilikuwa na fimbo ya mti wa kahawa, na bondia aliyerudi nyuma hatua moja nilimchapa mapajani. Nilikuwa na usemi wangu pia: "Konde ndilo ngao." Vijana waliuandika ukutani kwa chokaa, nami nilipopita hapo niliona fahari kana kwamba nimetunga sheria ya nchi.

Bondia wangu bora alitoka Bwera, kule mpakani. Alikuwa na mabega mapana na tabia ya kucheka anapopigwa. Hakurudi nyuma hata siku moja, kwa hiyo sikumchapa hata siku moja, na wote wawili tulidhani hiyo ni sifa. Katika pigano lake kubwa, mwisho wa raundi ya nne, alikuja kwenye kona akaniambia, "Kochi, hii ya kushoto naona moshi tu."

Nilimjibu, "Mtu wako yuko mbele. Huhitaji kushoto. Nenda."

Alienda, na katika raundi ya sita akashinda. Hilo ndilo lililonipotosha, kwamba alishinda. Walinibeba mimi pamoja naye. Siku tatu tulizungushwa na pikapu, Karusandara, Ibanda, kila kituo chenye watu, tukipewa soda na nyama, naye akipungia mkono watu ambao nusu yao hakuwaona. Siku ya nne ndipo tulipokwenda kwa daktari wa macho. Akasema kama tungempeleka siku ile ile, angejaribu kitu. Sasa hapakuwa na la kujaribu.

Kijana yule alirudi Bwera na jicho moja, nami sikwenda kumtazama. Kwa miaka kama kumi na nane niliendelea kusimulia ushindi wake mahali popote palipo na viti viwili. Sehemu ya jicho niliikata, kama mwenye banda alivyokata mikanda.

Mambo yalibadilika katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, na yalibadilika kwa sababu ya goti. Goti langu la kulia lilianza kuvimba, nikawa mtu wa kukaa barazani mchana kutwa. Binti yangu alinipa simu yake ya zamani yenye kioo kipana. Karibu na kituo cha teksi palikuwa na mama mmoja mwenye duka la kuingiza filamu kwenye memori kadi. Nikamwomba ndondi za zamani.

"Za nokauti, mzee?" akauliza.

"Kuna nyingine?"

"Kuna nzima nzima. Lakini watu hawazitaki, zinachosha."

Sijui nini kilinifanya niseme aniwekee hizo zinazochosha. Pengine nilikuwa na muda mwingi wa kuchosha. Nilikwenda nyumbani, nikaegemeza simu kwenye birika la chai, nikaanza raundi ya kwanza ya pigano ambalo nilikuwa nimeona mwisho wake labda mara hamsini.

Bondia yule alikuwa mfupi, wa uzito wa juu, shingo kama kinu. Kwenye banda tulimwona akiingia na kuangusha watu, basi. Sasa nikaona alivyoingia. Kichwa chake hakikukaa mahali pamoja hata pumzi moja. Kilikwenda kulia, kikazama, kikaibukia kushoto, kama mtu anayepita chini ya kamba za nguo bila kugusa hata shati moja. Katika raundi nzima nilihesabu ngumi alizorushiwa, nikachoka kuhesabu zilizompita juu ya bega. Zilizompata zilikuwa nne. Nilisimamisha simu. Nikairudisha nyuma, nikatazama tena, chai ikapoa.

Wiki ile na iliyofuata nilitazama wengine. Wote walikuwa wale wale wa banda, watu wa kushambulia, na wote walikuwa wamejilinda muda wote, katika zile raundi ambazo hatukuonyeshwa. Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia. Haikuwa furaha ya kugundua. Nilimwona kijana wa Bwera katika kila ngumi iliyokwepwa.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa nimekaa kwenye benchi la klabu. Klabu sasa ina kocha mwingine, mwanamke mwenye sauti ndogo ambaye watu wote humtii. Mimi huenda kupunga upepo na kutoa maoni ambayo hayajaombwa. Alikuja msichana mgeni wa miaka kumi na tisa hivi, akavaa glovu, akaanza kulipiga gunia. Sikuhitaji kuambiwa ni mtoto wa nani. Mabega yalikuwa yale, na mkono wa kulia ukishapiga ulining'inia chini kwenye nyonga, kama wa baba yake, kama nilivyomfundisha baba yake.

Alipomaliza alinijia mwenyewe.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye kochi wa baba?"

"Baba yako anajua uko hapa?"

"Anajua niko Kasese kununua chumvi ya mama."

Alikuwa amejiandikisha kwenye mashindano ya wilaya, wiki saba mbele. Alitaka nimfundishe mimi, kwa sababu kule Bwera watu wazima bado walisimulia lile pigano. Nilimwambia sitagusa glovu zake kabla sijaonana na baba yake.

"Atakufukuza, mzee."

"Ana haki."

"Atakufukuza na spana," akasema, akacheka kicheko cha baba yake.

Nilikwenda Bwera Jumatano, asubuhi. Karakana yake ilikuwa kibanda kando ya barabara iendayo mpakani, pikipiki tano zimelazwa, madereva wa boda wakisubiri na kupiga domo. Alikuwa amechuchumaa akifungua mnyororo. Amenenepa, na nywele zimeanza kuota mvi kabla ya wakati wake. Aliposikia sauti yangu hakuinuka. Aligeuza kichwa chote, kama ndege, mpaka jicho lake zima likanifikia.

"Kochi."

"Ni mimi."

"Umetafuta hii barabara miaka kumi na nane?"

Dereva mmoja akadakia, "Labda boda yake iliisha mafuta!" Wakacheka. Yeye hakucheka.

Nilikuwa nimejiandaa hotuba njia nzima, lakini goti lilikuwa linauma na maneno yakatoka mafupi. Nilimwambia mbele ya wale madereva kwamba aliniambia haoni, nikamwambia aende. Kwamba siku tatu za pikapu zilikuwa zangu, si zake. Kwamba nilimfundisha kitu ambacho nilikiokota kwenye mikanda iliyokatwa, na nilimchapa kila aliyejaribu kujifunza kingine. Kisha nikamwambia binti yake hakuwa amekwenda kununua chumvi.

Spana ilikuwa mkononi kweli. Aliiweka chini polepole.

"Iyo mutoto nilimukataza," ikasema sauti ya kike nyuma yangu. Ni mkewe, Mkongomani kutoka upande wa Butembo, amebeba sufuria. "Lakini chumvi alileta, papa. Alileta na mafuta juu. Mimi nilijua kitambo."

"Ulijua?"

"Mama anajua. Mupe muzee kiti, mguu yake inatetemeka. Utamugombeza akiisha kukaa."

Nilivuta kiti nikakaa upande wa kushoto wa mumewe. Akanisogeza kwa mkono, bila ukali. "Hapana huko. Huko mimi sioni mutu. Kaa kulia."

Nikakaa kulia. Nikatoa simu. Nilimwambia, tazama kwanza, kisha nifukuze. Nikamwekea yule mfupi, raundi ya pili, ambayo hakuna anayeanguka.

Aliinamia kioo. Madereva wakasogea, mmoja akashika dirisha la kibanda. Raundi ilipoisha aliniambia nirudishe. Alitazama mara tatu. Halafu akasema, taratibu, "Huyu alikuwa anakwepa."

"Muda wote."

"Na wewe ulituambia hajui kukwepa."

"Nilisema hivyo."

"Nilikuwa nalala na picha yake kichwani, kochi." Kisha akasema, "Weka ingine."

Nikamwekea wa pili, mtu wa uzito wa kati mwenye mikono kama magogo. Huyu hakukwepa sana. Alikunja mikono mbele ya uso, kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni kifuani, akaziacha ngumi zitue kwenye viwiko na mabega huku anasonga mbele.

"Anakula ngumi kama chapati!" akasema dereva wa dirishani.

"Hapana," akajibu mwenye karakana. "Angalia vizuri. Anakula na mikono. Uso haujala kitu."

Nikasema huyu nilimweka chini ya yule mfupi. Kukinga kwa mikono kunalipwa na mikono, ikifika raundi ya nane haiinuki. Yule mfupi, ngumi inayompita haimgharimu kitu.

"Inamugharimu kiuno," akasema. "Mutu akichoka kiuno, kichwa inasimama. Ikisimama, kwisha. Huyu wa kuni akichoka, mikono bado iko kwa uso."

Tukaanza kubishana. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikwenda kuomba msamaha na nikajikuta nabishana juu ya viuno. Mkewe alileta bugali na sombe, ule ugali wa kwao na kisamvu, tukabishana tunakula. Nikamwekea wa tatu, niliyempenda kuliko wote, mtu mwembamba wa mkono wa kushoto. Huyu alishambulia kuliko wenzake, lakini akishapiga ngumi mbili hakuwa tena pale alipopigia. Hatua nusu pembeni, kidogo tu, na ngumi ya kujibu ilipita mahali alipokuwa. Nilisema huyu ndiye mwalimu wa wote, kwa sababu kinga yake na shambulio lake ni hatua moja ile ile.

Alikubali kwamba ni mzuri. Lakini akasimamisha simu yeye mwenyewe, kwa kidole chenye grisi.

"Unaona hapa anaangalia wapi?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nikitazama miguu.

"Anaangalia bega. Ngumi inaanza kwa bega. Mimi nilijua hii baada ya jicho kufa. Nikivuka barabara siwezi kuona pikipiki ya kushoto, lakini naona watu mbele wakigeuza bega. Bega inakuambia." Alifuta kioo kwa shati lake. "Wewe umeona kichwa, umeona mikono, umeona miguu. Hii hukuona."

Nikasema ni kweli, sikuona.

"Basi huwezi kumufundisha peke yako," akasema. "Utamuharibu tena."

Neno hilo liliingia mahali pake na nikaliacha likae. Nilidhani ndiyo mwisho, nikaanza kuinuka.

"Kaa, kochi. Sijamaliza. Nimesema peke yako."

Masharti yake yalikuwa mawili. Binti akisema haoni, au anaona viwili, au kichwa kinalia, pigano limekwisha pale pale, hata kama anashinda, na atakayerusha taulo ni baba. La pili, mkono uliokwenda kupiga urudi nyumbani kwa njia ile ile uliyoendea, shavuni, na asipige ngumi ya pili mpaka wa kwanza umefika. Nilimwambia masharti hayo yangekuwa yangu ningekuwa na akili. Mkewe akasema akili ikichelewa bado ni akili, inakuja na mizigo mingi tu.

Wiki sita, Jumamosi zote, baba alikuja Kasese. Yule kocha mwenye sauti ndogo alitukubalia kona moja ya ghala. Tulifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, kimo cha kidevu, na binti akapita chini yake huku na huku, akipiga kila anapoibuka. Alichukia. Alikuja kupiga watu, alisema, hakuja kucheza na kamba.

"Nenda basi ukapige," baba akamwambia, akavaa pedi. Binti akapiga kulia, mkono ukashuka nyongani, na baba akamgusa shavu kwa pedi, taratibu, pap. Akapiga tena, pap. Mara ya saba msichana akakasirika, akapiga, mkono ukarudi shavuni kwa hasira, na pedi ikagonga glovu.

"Haya," akasema baba. "Hasira yako imejifunza. Sasa wewe."

Kazi yangu ilikuwa miguu, na kumwonyesha binti wale mabondia watatu kwenye simu. Nilikaa kwenye kiti kwa ajili ya goti, nikapanga vizibo vya soda sakafuni kuonyesha ile hatua nusu. Mara nyingi nilitaka kusema, "Ingia! Mbona unangoja?" Maneno yalifika mdomoni. Mara mbili yalitoka. Mara zote mbili baba aligeuza kichwa chote kunitazama, nami nikainama kupanga vizibo.

Mashindano yalikuwa alasiri, ndani ya ukumbi uliojaa joto na watoto. Mpinzani alitoka Fort Portal, msichana mrefu mwenye ngumi nyoofu iliyokuja kama mti wa kusukumia mtumbwi. Raundi ya kwanza binti alisahau kila kitu. Alisikia kelele za watu wa Bwera akaenda mbele kichwa wazi, akala tatu safi. Watu wakashangilia hivyo hivyo. Nami, nikiri, damu yangu ilishangilia pia.

Kwenye kona baba alipiga magoti. Hakusema juu ya ngumi. Aliinua vidole viwili upande wa kushoto wa uso wake, vitatu upande wa kulia, vingapi, vingapi, na binti akajibu vyote sawasawa, akiona aibu. Ndipo baba akanigeukia.

"Kochi. Sema yako."

Nilikuwa na nusu dakika. Nikamwambia binti, "Yule wa kuni mpaka umfikie huyu mrefu. Ukimfikia, yule mwembamba. Bega lake la kulia linapanda kabla hajapiga."

"Nimeona," akasema. "Linapanda kama la shangazi akikasirika."

Raundi ya pili aliingia mikono juu. Ngumi nyoofu zikatua kwenye viwiko. Bega la mrefu likapanda, binti akazama, akaibuka akapiga mwili mara mbili, na hakuwa pale tena. Ukumbi ulinyamaza kidogo, kwa kuwa hawakujua washangilie nini. Msichana wa Fort Portal alipiga hewa, akageuka kutafuta mtu. Hakuna aliyeanguka. Mtu wa banda la video angeikata raundi hiyo yote.

Ya tatu ilikuwa ya sare, kwa macho yangu. Majaji walimpa mrefu pigano, wawili kwa mmoja. Walikuwa na haki, ile raundi ya kwanza ilikuwa mbaya.

Binti alishuka ulingoni analia kwa hasira. Baba alimkalisha kwenye benchi karibu na mlango penye mwanga, akamshika kidevu, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, muda mrefu, kama anayekagua tundu la sindano. Mama alisimama na chupa ya maji.

"Iko sawa?" akauliza.

"Pua imevimba kidogo. Macho yote iko safi."

"Baba, nimeshindwa," akasema binti.

"Umeshindwa, ndiyo. Nani amekataa?" Alimpa maji. Kisha akageuza kichwa, akanitafuta mpaka akanipata. "Kochi, raundi ya kwanza alishusha mkono mara ngapi?"

"Mara tano."

"Mimi nimehesabu sita. Hukuona ile ya kengele."

"Sikuiona."

"Alikuwa anasimama na miguu sambamba. Hiyo ni kazi yako."

Nikakubali ni kazi yangu. Binti alikuwa ameacha kulia, anatusikiliza kwa hasira, akainuka mbele yetu kutuonyesha kwamba miguu yake haikuwa sambamba hata kidogo, alisimama hivi, na tukiwa wote watatu tumeinama kutazama miguu hiyo, mama akatuambia tusogee, tumeziba mlango, watu wanataka kutoka.